Alijitosa yeye, mimi nikabaki ukingoni: je, mimi ni mwoga?

SWALI: Mwezi uliopita mtoto wa kama miaka tisa alizama ziwani mbele ya macho yangu. Mimi najua kuogelea kidogo. Nilikuwa mtu wa kwanza kufika ukingoni, lakini miguu ilikataa kabisa. Tukajaa pale watu kama ishirini. Kisha kijana mmoja akapita katikati yetu mbio, akajitosa na nguo zake, akamtoa mtoto akiwa hai. Nilichofanya mimi ni kumshika mkono yule kijana alipokaribia na kumvuta. Siku ya tatu nilienda kwa mama wa mtoto nikamweleza kwamba nilifika kabla ya wote na sikuingia majini. Sasa kila mtu anamwita yule kijana shujaa, na anastahili. Wiki ijayo kuna hafla ya kumpongeza. Nataka kujua, ushujaa ni nini hasa? Mtu huzaliwa nao? Na mimi ni mwoga? Sijui hata kama niende kwenye hafla hiyo.

JIBU: Ndugu yangu,

Nimeisoma barua yako mara kadhaa, na kila mara nimesimama kwenye maneno yale matatu: "miguu ilikataa kabisa". Kazi yangu ni ushauri nasaha, na wengi wanaokuja kuketi mbele yangu ni watu wa uokoaji: wazimamoto, wapiga mbizi, wahudumu wa magari ya wagonjwa. Maneno hayo nimeyasikia kwao pia, tena kutoka kwa watu wenye nishani ukutani. Kwa hiyo nitaanza na miguu, kisha ndipo tuje kwenye majina mazito, ushujaa na woga.

Swala akihisi chui yuko jirani, hakurupuki papo hapo. Kwanza hutulia tuli, masikio juu, hata mkia hauchezi. Mwili wa binadamu nao una hali hiyo. Tumezoea kusema kwamba hofu humfanya mtu apigane au akimbie, tukasahau ya tatu, kuduwaa. Misuli inakaza, macho yanakodoka, mapigo ya moyo ambayo ungetarajia yaende mbio yanaweza hata kupungua kwa muda, na akili inapekua ghala lake ikitafuta mpango uliowahi kutumika siku nyingine. Ikiupata, mwili unaondoka. Isipoupata, mtu anabaki palepale. John Leach, mwanasaikolojia wa Uingereza aliyechunguza jinsi watu wanavyotenda katika ajali kubwa, anakadiria kwamba takriban robo tatu ya watu huduwaa namna hiyo balaa linapowashukia. Wanaotulia na kutenda sawasawa tangu mwanzo ni wachache. Wewe ulikuwa miongoni mwa wengi. Uliona jambo ambalo hukuwahi kuliona, na ghala lilikuwa tupu.

Nakuomba ulishike hilo kwa sababu nimeona watu wakijihukumu maisha yao yote kwa sekunde kumi za mwili wao.

Sasa hofu yenyewe. Yuko mwanamke mmoja nchini Marekani ambaye ugonjwa adimu uliiharibu amigdala yake, zile sehemu mbili ndogo za ubongo, kila moja yenye umbo la lozi, zinazoshughulika na hofu. Mwaka 2011 watafiti walieleza jinsi walivyompeleka kwenye duka la wanyama wa kufugwa. Alikuwa amewaambia kwamba nyoka hawapendi. Alipofika alimshika nyoka kwa mikono yake, akampapasa magamba, akamgusa ulimi, halafu akaomba tena na tena aruhusiwe kuwagusa wale wakubwa na wa hatari. Usiku mmoja miaka ya nyuma, mtu alimwekea kisu shingoni kwenye bustani ya umma. Kesho yake akapita bustani ileile kana kwamba hapakutokea kitu. Utamwita jasiri? Mimi siwezi. Namhurumia, kwa sababu hana kitu cha kumwonya. Na hana cha kushinda.

Lugha yetu inalisema jambo hili vizuri kuliko maabara. Tunasema mtu "amepiga moyo konde". Utazame msemo huo kwa karibu. Konde ni ngumi. Moyo unaopigwa ngumi ni moyo ambao tayari umeanza kulegea. Uliotulia hauhitaji kupigwa. Yule asiyeogopa chochote hana nafasi katika msemo huu. Nafasi ni ya mtu ambaye magoti yanagongana, naye anauamrisha moyo wake usonge mbele kwa ajili ya jambo analoliona kuwa na thamani kuliko usalama wake.

Hilo "kwa ajili ya jambo" ndilo linalobeba uzito. Mwizi anayeruka ukuta wenye nyaya za umeme usiku wa manane naye ameupiga moyo wake konde. Ukisema mwizi yule ana ujasiri, hakuna atakayekushangaa. Ukisema ni shujaa, watu watageuka kukutazama. Maneno haya mawili tunayachanganya kila siku, lakini sikio linajua tofauti yake. Ujasiri ni kile mtu anachokifanya na hofu yake. Ushujaa ni jina ambalo watu wengine wanampa, wakishaona alichokifanya na aliyemfanyia.

Mgiriki Aristotle, aliyefariki mwaka 322 kabla ya Kristo, aliuweka ujasiri katikati ya woga na papara, kisha akaorodhesha mambo yanayofanana nao kwa nje tu. Mtu anayesukumwa na hasira. Mtu mwenye matumaini kupita kiasi, kama mlevi. Mtu asiyeijua hatari iliyo mbele yake. Askari wa kulipwa aliyezoea vita, anayesimama imara mradi anaona ana nguvu kuliko adui, na wa kwanza kukimbia mizani ikigeuka. Nimeitumia orodha hiyo kazini kwangu kwa miaka, kwa sababu vijana wanaotaka kuwa waokoaji huja wakiamini kwamba kutoogopa ndiyo sifa ya kwanza. Mpiga mbizi mmoja ninayemfahamu, mwenye zaidi ya miaka ishirini kazini, kabla ya kuingia majini hukagua fundo la kamba ya kiunoni mara tatu. Mara zote tatu vidole vyake vinatetemeka, naye havifichi. Analigusa fundo, analivuta, analigusa tena, anavuta pumzi kwa pua, anaingia. Vijana wakimuuliza kama ni uzee huwajibu kwamba vilitetemeka vivyo hivyo siku ya kwanza.

Nije kwenye maji yako. Umeandika kwamba unajua kuogelea kidogo. Neno "kidogo" usilipite haraka. Anayezama kwa kawaida hapigi kelele wala hapungi mikono kama tunavyodhani. Kinywa kinazama na kuibuka, pumzi haitoshi hata ya kuita jina, na mikono inayasukuma maji kwenda chini ili kichwa kibaki juu. Ukimkaribia uso kwa uso, mikono ileile inakuwa juu ya mabega yako. Hakusudii kukudhuru. Amepata kitu kigumu cha kukanyagia katikati ya maji, na kitu hicho ni wewe. Mtoto wa miaka tisa katika hali hiyo anaweza kumzamisha mtu mzima ambaye anaogelea kwa kubahatisha. Ndiyo maana wanaofundisha uokoaji wa majini wanapanga mambo hivi: kwanza mfikishie kitu kirefu akishike, ukishindwa mrushie kinachoelea, na kuingia mwenyewe kuwe hatua ya mwisho, tena kwa aliyefunzwa. Wahenga walisema kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Methali hii wengi huisoma kama kejeli kwa mwoga. Mimi naisoma pia kama tahadhari: ziwa lile lingeweza kurudisha maiti mbili, na kilio kingekwenda nyumba mbili.

Lakini sitaki kukupa faraja ya bure, maana nakuheshimu. Hukusema kwamba ulipima ukaona usiingie. Ulisema miguu ilikataa. Busara na kuduwaa vinaweza kumwacha mtu amesimama mahali pamoja, na bado si kitu kimoja. Pia palikuwa na mambo kati ya kujitosa na kusimama: kutafuta tawi au kamba, kuwaagiza wale ishirini washikane mikono, kumnyooshea mmoja wao kidole na kumwambia akaite msaada. Nadhani unalijua hili, na nadhani ndilo linalokukosesha usingizi kuliko kutojitosa kwenyewe. Umeumia kwa haki. Ila ulichokosa pale kinafundishika, na hilo ndilo jibu langu kwa swali lako la pili, kama mtu huzaliwa na ushujaa.

Kabla ya hapo, kidogo kuhusu wale ishirini. Mwaka 1968 wanasaikolojia John Darley na Bibb Latané walichapisha jaribio walilolifanya New York. Wanafunzi waliketi kila mmoja chumba chake wakizungumza kwa vipaza sauti, mara mmoja wao akasikika kama ameshikwa na kifafa. Waliodhani ni wao peke yao wanaomsikia, asilimia 85 walitoka kutafuta msaada kabla sauti haijanyamaza. Waliodhani kuna wengine wanne wanaosikia, ni asilimia 31 tu. Hawakuwa watu wabaya. Kila mmoja aligawana mzigo na wenzake asiowaona, na uliogawanywa hivyo haukumlemea yeyote vya kutosha. Nilipokuwa mwanafunzi nilifundishwa jambo hili kama hukumu juu ya binadamu, na siipendi hukumu hiyo, kwa sababu haikuwa picha nzima. Watafiti walipokuja kutazama picha za kamera za mitaani katika Amsterdam, Cape Town na Lancaster, ugomvi halisi 219, waliona kwamba katika matukio tisa kati ya kumi, angalau mtu mmoja aliyekuwapo aliingilia kusaidia. Umati unampunguzia kila mmoja uzito, lakini humo humo mara nyingi yumo anayetoka. Kwenye ziwa lenu alitoka.

Yeye sasa. Ukimuuliza kwa nini alijitosa, huenda akakujibu kwamba hakufikiri. Mwaka 2014 David Rand na Ziv Epstein walichambua maelezo ya watu 51 waliopewa nishani ya Carnegie kwa kuhatarisha maisha yao wakiwaokoa wengine. Wengi sana walieleza uamuzi uliokuja ghafla, kabla ya fikra, hata pale ambapo muda wa kufikiri ulikuwapo. Watu hulisikia hili wakadhani basi ushujaa ni damu, unao au huna. Mimi nalielewa kinyume. Kinachokuja bila kufikiri ni kile kilichofikiriwa au kufanywa mara nyingi zamani. Unapoandika jina lako hufikirii herufi, lakini kuna siku ulizifikiria moja moja huku ulimi umetoka nje. Yule kijana huenda amekulia majini, au aliwahi kushuhudia mtu akizama akajiapia kwamba siku nyingine hatasimama. Muulize.

Stanley Rachman, mwanasaikolojia aliyechunguza hofu na ujasiri, aliwafuatilia askari wa Uingereza waliokuwa wakitegua mabomu huko Ireland ya Kaskazini. Aliona kwamba mafunzo yaliwapandishia sana hali ya kujiamini hata kabla hawajakutana na bomu la kweli. Walikuwa watu wa kawaida waliopewa cha kufanya na mikono yao. Wiki chache na mwalimu wa uokoaji zitakujazia lile ghala nililolitaja, na nakusihi uziendee, kwa sababu mtu aliyekwisha kuona maji yakimchukua mtoto husikiliza somo hilo kwa masikio mengine.

Swali lako la kwanza ndilo pana kuliko yote, na nitalijibu kwa hadithi unayoijua. Fumo Liyongo, shujaa wa waswahili wa kale, bingwa wa upinde na wa mashairi, alifungwa gerezani akingoja kuuawa. Katika utenzi tunamsifu kwa nguvu zake, kwa minyororo aliyoikata na mlango alioufungua. Lakini minyororo ilikatwa kwa tupa, na tupa zilifika kwa mikono ya Saada, kijakazi wa mama yake. Kila siku alikuwa akileta chakula, na walinzi wakikinyang'anya kizuri wakala wao. Siku ile mama alioka mkate wa wishwa, tupa zikiwa ndani, na walinzi wakaudharau wakamwachia mfungwa. Fikiria mwendo wa Saada mpaka pale mlangoni. Hana upinde, hana ukoo wa kumtetea, amebeba chombo juu ya mikono miwili, na mlinzi anaunyoosha mkono wake juu ya mkate. Akiumega, Saada amekufa. Anasimama uso wake ukiwa mkavu, anangoja. Utenzi unalipita tukio hilo kwa beti chache. Sisi tunaousoma tuna uhuru wa kukaa hapo zaidi.

Nasema hivi kwa sababu jina la shujaa halijawahi kugawanywa kwa haki. Mfuko wa Carnegie uliundwa mwaka 1904 baada ya mlipuko katika mgodi wa Harwick, Pennsylvania, ambako wanaume wawili walikufa wakijaribu kuwaokoa wengine, na tangu hapo umewatuza watu wa kawaida waliojitia hatarini kuokoa maisha. Ni kazi njema. Hata hivyo Selwyn Becker na Alice Eagly, katika utafiti wao wa mwaka 2004, walionyesha kwamba wanawake ni chini ya mmoja kati ya kila kumi waliotuzwa. Walipowatazama watu waliowaficha Wayahudi wakati wa utawala wa Hitler, au waliotoa figo moja wakiwa hai, wanawake walikuwa sawa na wanaume au zaidi. Kuruka majini kunaonekana. Kumficha mtu darini kwa miezi, huku jirani akihesabu sufuria zinazooshwa, hakuonekani, na hofu yake hairudi nyumbani jioni.

Ujasiri wa aina hiyo, wa polepole, una mfano ninaourudia kila mara. Kiangazi cha mwaka 1940, mjini Kaunas, Lithuania, mwanadiplomasia wa Japani Chiune Sugihara aliamka akakuta wakimbizi wa Kiyahudi wamejaa kwenye lango la ubalozi wake mdogo, wakihitaji viza za kupita Japani. Aliomba ruhusa Tokyo, akakataliwa. Alikuwa na mke na watoto wadogo ndani ya nyumba ileile. Akaanza kuandika viza kwa mkono, siku baada ya siku, mpaka zikapita 2,000, na hakuacha hadi alipolazimika kuondoka. Mwaka 1947 aliachishwa kazi. Israel ilimpa heshima mwaka 1984, miaka miwili kabla hajafa. Kilichonishika mimi ni kwamba kila asubuhi alikuwa na nafasi ya kuacha. Anayejitosa majini anaushinda moyo wake mara moja. Huyu aliushinda wino ukiwa unakauka, kisha akavuta karatasi nyingine akaanza upya, akijua jina lake mwenyewe ndilo lililoko chini ya kila moja.

Turudi kwenye barua yako, kwenye sentensi ambayo naamini uliiandika haraka. "Siku ya tatu nilienda kwa mama wa mtoto nikamweleza kwamba nilifika kabla ya wote na sikuingia majini." Hakuna aliyekuwa amekushtaki. Katika vurugu ile hakuna aliyejua nani alifika wa kwanza, na ungeweza kuishi na siri hiyo bila mtu yeyote kuigundua. Uliupita usiku wa kwanza na wa pili. Ukatembea mpaka mlangoni pa mwanamke ambaye karibu apoteze mwanawe, ukabisha hodi, ukamwambia jambo ambalo angeweza kukulaani kwalo. Hukuniambia alikujibu nini. Huko mlangoni miguu ilikuwaje? Nina hakika nayo ilitaka kukataa. Safari hii ulikuwa na siku mbili za kufikiri, ukaushika moyo wako, ukaupiga konde, ukaenda. Mtu mwoga, kwa maana ya neno hilo, ni yule anayeiachia hofu imwamulie jambo analojua ni la lazima. Ziwani hukupata nafasi ya kuamua. Mlangoni uliipata.

Hilo halifuti la ziwani, na sitaki lifute. Yote mawili ni yako.

Kuhusu hafla, nenda. Usikae nyuma kabisa kama mtu anayetafuta mlango. Hotuba zikiisha, mtafute yule kijana pembeni, mbali na wanaopiga picha. Mkono uliomvuta kutoka majini ulikuwa wako, na ninavyowafahamu waokoaji, mkono huo anaukumbuka kuliko makofi. Wengi wao, wiki za baada ya tukio, huamka usiku wakilisikia lile jambo upya: uzito shingoni, ladha ya maji, wazo kwamba angechelewa kidogo tu. Kwa sababu kila mtu anawaita mashujaa, wanaona aibu kulisema. Miongoni mwa wote watakaokuwa ukumbini siku hiyo, wewe ulikuwapo karibu naye, na unajua ziwa lile lilivyokuwa. Muulize analala vipi, kisha umsikilize.